Mwaka wa Punda na Ndovu

Nianze na la kweli: nilikuwa na mdomo. Mama akisema ulimi wangu ulizaliwa siku tatu kabla yangu, na wallahi hakunisingizia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, na nilikuwa na maoni juu ya kila kitu: mchuzi wa nani umekosa ukwaju, mwalimu gani hazijui hesabu anazotufundisha, kikundi gani cha taarabu kimechuja. Mwaka ule Wamarekani walikuwa wakijitayarisha kuchagua rais, basi nikawa na maoni juu ya Marekani pia, nchi ambayo sikuijua hata kwa ndoto.

Ilikuwa miaka minne na ushei baada ya Mapinduzi. Vyama vya zamani vilishapigwa marufuku, kimebaki kimoja, nacho tukikiita Chama tu, maana hapakuwa na kingine cha kukichanganya nacho. Lakini watu hawakusahau. Kwetu Ng'ambo kila mtu alijua nani alikuwa upande gani wakati wa siasa, nani aligoma kununua dukani kwa nani, nani alisusa kumzika jirani yake kwa ajili ya kadi. Kadi ndiyo iliyokuwa kila kitu. Baba yangu, aliyekuwa kuli bandarini, ya kwake aliiweka mkobani pamoja na cheti chake cha ndoa, maana ilikuwa ya upande ulioshinda. Wengine walizichoma zao jikoni asubuhi moja ya Januari, na hata jivu wakalimwaga mbali.

Shoga yangu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tano, alikuwa mtoto wa Mji Mkongwe. Wao walikaa vyumba viwili juu ghorofani. Baba yake alikuwa karani wa serikali ile ya mwanzo. Baada ya Mapinduzi akaachishwa kazi, akawa fundi saa, anakaa mlangoni mwa nyumba na kioo chake cha jicho moja. Upande wake wa zamani ulikuwa ule ulioshindwa. Hakuna aliyelitamka hilo, na hakuna asiyelijua. Mie nilimpenda mzee yule. Nikenda kwao nikamwamkia, "Shikamoo baba," ataitika, "Marahaba mwanangu," halafu ataniuliza neno moja la Kiingereza, na nikikosea atacheka mpaka kile kioo kimwanguke mapajani.

Mwalimu wetu wa siasa alikuwa kijana, karudi karibuni masomoni katika nchi za marafiki. Alikuwa hodari wa kusema, na sisi wasichana tulimpenda kwa sababu hakutupiga. Siku moja akaandika ubaoni kwamba Marekani ina vyama viwili lakini mwenye mali ni mmoja. Akatwambia kila chama kina mnyama wake anayechorwa magazetini: kimoja punda, kimoja ndovu. Majina yenyewe yalitutatiza midomoni, tukayaacha, tukabaki na wanyama. Kisha akasema Jumatatu tutafanya mdahalo. Nusu ya darasa, upande wa dirishani, watakitetea chama cha Punda. Nusu ya pili, upande wa mlangoni, watakitetea cha Ndovu. Mwisho yeye mwenyewe atatuonyesha kuwa wote ni mabeberu, hakuna tofauti.

Dawati letu lilikuwa katikati kabisa. Mie nikaangukia Punda, shoga yangu akaangukia Ndovu. Tukacheka.

Jumamosi akanijia na ukurasa uliokunjwa, kauficha ndani ya daftari lake. Ulikuwa umetoka katika gazeti la zamani la Kimarekani, la karatasi inayong'aa. Upande mmoja mna picha ya gari jekundu, upande wa pili katuni: punda na ndovu wanavutana kamba.

"Umeutoa wapi?" nikamuuliza.

"Ndani ya sanduku la baba, chini ya kitanda. Yamo mengi, tangu yuko kazini. Hajui kama nimelifungua."

"Na akijua?"

"Ataniua," akasema, lakini alikuwa anacheka. Tulikuwa watoto. Tulijua kuwa kuna watu waliochukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo, lakini hatukudhani sisi ni watu wa namna hiyo.

Jumatatu nilisema mpaka koo likanikauka. Nikasema rais wa Punda ndiye aliyetia saini sheria ya kuwalinda watu weusi wapige kura. Nikasema lakini kule kusini mwa nchi yao, wale waliowafungulia weusi mbwa nao ni Punda vilevile. Sasa jina la chama linatwambia nini? Halitwambii kitu. Ni lebo ya gunia, na ukitaka kujua ndani mna karafuu au mna mchanga, fungua gunia. Darasa likanipigia makofi. Hapo ndipo ningekaa. Lakini mdomo ukishashika njia haurudi, nikaongeza: "Na kule mtu akiulizwa wewe wa chama gani, anasema. Kesho akitaka kuhama anahama, na nyumba yake haiguswi."

Makofi yalikatika. Mwalimu akakohoa, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu. "Haya, upande wa pili," akasema.

Shoga yangu akasimama. Yeye alikuwa mtaratibu, anapanga maneno yake. Akasema Ndovu walikuwa chama cha wale waliopigana watumwa waachwe huru, miaka mia nyuma, na Punda wa wakati ule wengi wao walikuwa upande wa mabwana. "Chama changu," akasema, "ndicho kilichowaacha huru watumwa."

Nyuma kabisa mtu akasema, "Chama chako? Wewe? Watumwa?"

Darasa likaangua kicheko. Shoga yangu alikuwa na nywele za singa na jina la ukoo linalojulikana, na kicheko kile hakikuwa cha mambo ya Marekani hata kidogo. Nilimwona akishika ukingo wa dawati. Niliona vibaya, lakini nami nilicheka, kidogo, kwa sababu Punda wote walikuwa wanacheka.

Mwalimu akafunga mdahalo, akasema aliyotaka kuyasema, tukanakili. Kwake yeye mambo yaliishia hapo. Kwetu yalikuwa ndiyo yanaanza, maana sisi Waunguja tupe chochote tutakigawa mapande mawili: mpira, ngoma, taarabu, hata mtaa mmoja utakuwa na wa juu na wa chini, na hawa hawatakula kwa wale. Wiki ile darasa lilipasuka. Wa Punda hawakuazima wino kwa wa Ndovu. Wakati wa mapumziko kila upande ulikuwa na ukuta wake wa kuegemea na wimbo wake. Sisi tuliimba:

*Ndovu, ndovu, pua ndefu,*
*mla mashamba ya maskini!*

Nao wakatujibu:

*Punda, punda, huna haki,*
*mgongo wako wa gunia!*

Kila upande ukachagua mwenyekiti wake, wao wakamchagua shoga yangu. Na kadi zikaja. Chama bila kadi ni chama gani? Hilo kwetu halikuwa na mjadala. Mimi nilikuwa na mkono mzuri wa kuchora, basi nikakata majalada ya madaftari, nikachora punda kwa wino mweusi, nikaandika nambari chini, moja mpaka kumi na nne. Tena shoga yangu akanisogelea, akaninong'oneza, "Nichoree na mie ndovu wangu." Nikamchorea. Nikawachorea wote, ndovu kumi na tano, mmoja mmoja, kwa kuutazama ule ukurasa wa gazeti. Miaka mingi baadaye, nilipokuja kusoma mambo ya watu, nikajua kuwa Wamarekani wenyewe, wengi wao, hawajawahi kushika kadi ya chama maishani mwao. Sisi ndio tuliowapa.

Bibi yangu mzaa mama aliona kadi moja imedondoka kitabuni. Hakujua kusoma lakini kadi aliijua. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Hiki nini?"

"Mchezo tu, bibi. Wa skuli."

"Mzaha mzaha, mwanangu, hutumbuka usaha," akasema, akaitia motoni. Nilikasirika, nikachora nyingine.

Alhamisi ya wiki ya pili tulikosana, mimi na shoga yangu. Nilikuwa napita uani, Ndovu wakaimba ule wimbo wao, na yeye alikuwa katikati yao, anaimba, tena anantazama. Mgongo wako wa gunia. Baba yangu alikuwa akibeba magunia. Alikuwa na sugu begani kubwa kuliko ngumi yangu, na yeye shoga yangu ameiona kwa macho yake. Damu ikanipanda. Nikasimama mbele yake nikasema, wote wakisikia: "Heri mgongo wa gunia kuliko kukaa mlangoni kungojea saa za watu zife!"

Aligeuka, akarudi darasani. Nilikwenda zangu, nikijiona nimeshinda.

Jumamosi alfajiri bibi yake akafariki.

Nilisikia mapema. Kwetu msiba hauna mwaliko, ukisikia unakwenda. Mama alikuwa amekwenda shamba kwa dada yake, asingerudi mpaka jioni ya Jumapili, na bibi yangu miguu ilikuwa imevimba. Ningekwenda peke yangu. Nilishavaa buibui. Nikakaa kitandani na buibui langu mwilini, nikakumbuka ule wimbo, nikasema, hata, siendi. Sikuishia hapo. Wenzangu wawili wa Punda walinipitia twende pamoja, nikawaambia, "Nyie mnakwenda kwa Ndovu?" Nao wakarudi makwao. Kufika adhuhuri hakuna hata mmoja katika kumi na nne aliyekanyaga pale msibani. Nayaandika haya sasa na uso unaniwaka.

Huko msibani, niliyasikia baadaye, wanawake walikuwa wamekaa juu ya majamvi, na Ndovu walikuwa wanasaidia kupakua chakula. Bi mmoja mkubwa akauliza, kwa wema tu, "Wenzenu wako wapi? Yule msichana wa Ng'ambo, yule shoga wa damu, mbona simwoni?"

Na mwenzetu mmoja wa darasani, hodari wa kujibu na asiyejua kunyamaza, akasema, "Wao chama cha Punda, bibi. Hawazikani na Ndovu."

Walisema kwamba vijiko vilisita. Wanawake wale wote walikuwa wamepitia wakati wa siasa. Walikuwa wamewahi kukaa na maiti ndani, wanahesabu nani kaja na nani kasusa. Mmoja akaanza kulia upya, si kwa ajili ya marehemu. Na mmoja, aliyekuwa mtu wa tawi la Chama mtaani pale, akaiwacha sahani yake, akauliza polepole, "Chama gani hicho, mwanangu? Kina kadi?"

"Kinayo," mwenzetu akasema. Akamwonyesha.

Mama aliporudi Jumapili jioni alikuwa kashaambiwa njiani. Sijawahi kumwona vile. Hakunipiga. Alinishika mkono akanipeleka Mji Mkongwe usiku haujaingia vizuri, akaniketisha mbele ya mwenye msiba wa nyumba ile, yaani mama yake shoga yangu, akasema, "Nisamehe kwa ajili ya huyu." Yule mama akasema, "Watoto hao, dada." Shoga yangu alikuwa kakaa pembeni, macho yamemvimba. Nikamwendea, nikamshika mkono. Akaniachia nafasi jamvini. Tukakaa bega kwa bega mpaka Mama aliposema twende. Nilidhani yamekwisha.

Jumatatu, kipindi cha pili, tuliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mimi na yeye. Mwalimu wa siasa ndiye aliyekuja kutuita. Hakututazama. Alitutangulia mpaka kwenye ukumbi, akatwambia tungoje katika benchi, akaingia ndani. Tukamsikia akisema kwa sauti isiyo yake, "Mimi niliwapa mdahalo tu. Hayo mengine ni yao wenyewe."

Tulikuwa peke yetu pale ukumbini, labda dakika tano. Nilikuwa naogopa kwa ajili yangu, nisiseme uongo, kwa ajili yangu kabla ya mtu yeyote. Shoga yangu akanisogelea mpaka pumzi yake naisikia sikioni.

"Nsikilize," akasema. "Wanao ule ukurasa. Nliuacha ndani ya dawati, wamepekua jana, asubuhi sikuukuta."

"Ala! Mungu wangu."

"Nyamaza, nsikilize. Kadi n'tasema nimechora mie. Zote."

"Lakini nimechora mie!"

"Mie nshaharibikiwa, wewe bado. Zote mie. Lakini ule ukurasa, wewe useme tumeukuta gengeni, Darajani, tumefungiwa njugu. Tulikuwa pamoja, mie na wewe. Wakisikia umetoka ndani, watakwenda nyumbani, watalikuta sanduku. Baba watamchukua. Unanielewa? Neno langu peke yangu hawatalisadiki. Lako watalisadiki."

"Kwa nini langu?"

Akanitazama kama ninayemfanyia mzaha. "Kwa sababu ya baba'ako," akasema.

"Haya," nikasema.

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Akaubana mkono wangu, na mlango ukafunguliwa.

Ndani walikuwamo watatu: mwalimu mkuu nyuma ya meza yake, mwalimu wa siasa kasimama dirishani, na bwana mmoja tusiyemjua, shati jeupe la mikono mifupi, peni mbili mfukoni. Bwana huyo hakuwa mkali. Alitwambia tukae. Juu ya meza kadi zetu zilikuwa zimepangwa safu mbili, punda huku na ndovu huku, na katikati ule ukurasa unaong'aa, gari jekundu juu. Mtu aliyeingia pale asiyejua angedhani kweli kuna vyama viwili na vinahesabiwa.

Akamwanza shoga yangu. Nani mwenyekiti wa Ndovu? Mimi. Nani kakuchagua? Wenzangu, kwa mchezo. Ulisema darasani "chama changu", kweli si kweli? Kweli, nilikuwa najadili. Chama chako ni kipi, binti? "Sina chama, bwana. Mie mwanafunzi." Mwalimu wa siasa aliangalia nje ya dirisha. Sentensi moja tu ya kwake ingetosha, kusema kuwa yeye ndiye aliyesema teteeni. Hakuisema.

"Nani aliyechora hizi?"

"Mie."

"Zote? Na za punda?"

"Zote, bwana. Mkono wangu mzuri."

Alisema bila kupepesa. Nilikuwa na doa la wino kwenye kidole cha shahada, nikakikunja ndani ya kiganja. Nikaona nimeokoka, na raha iliyonipanda kifuani ilinitia aibu hapo hapo.

"Na ukurasa huu wa kibeberu?"

"Tumeukuta Darajani. Tulinunua njugu, tukafungiwa. Mie na huyu."

Bwana yule akaandika. Akachukua muda wake, akafunga peni, akanigeukia. Akatabasamu, tena tabasamu la mtu mzima anayemjua mzazi wako.

"Wewe baba'ako ni mwenzetu," akasema. "Bandarini pale tunamjua, mtu wa tangu mwanzo. Hatukukuita hapa kukutia hatiani. Usiogope. Sema kweli tu, uende zako darasani. Ukurasa huu mliupata wapi?"

Shoga yangu hakunitazama. Alitazama mbele, mikono mapajani, kama tulivyofundishwa. Na mimi nilijua kila kitu pale. Nilijua sanduku liko chini ya kitanda gani. Nilijua nikisema neno moja, Darajani, bwana yule ataliandika, na labda atalisadiki, na mzee mmoja atabaki mlangoni kwake na kioo chake. Nilijua pia kuwa baadaye watauliza genge gani, muuza njugu gani, siku gani, na kuwa nikishaingia katika uongo ule nimeingia upande wao, wa walioshindwa, mimi na baba yangu na kadi yake. Mimi niliyesimama mbele ya darasa zima nikasema majina ya vyama hayana maana yoyote.

"Mie sijui," nikasema.

"Hukuwepo mliponunua hizo njugu?"

"Sikuwepo."

"Ahsante," akasema, akaandika.

Shoga yangu alishusha kichwa, akaweka sawa mtandio wake. Basi, ni hilo tu. Hakulia wala hakunitukana. Nikaambiwa nirudi darasani, nikainuka, na nilipofika mlangoni nikamsikia bwana yule akimuuliza, kwa upole uleule, "Mnakaa nyumba ipi, binti?"

Walikwenda mchana uleule. Sanduku lilikuwa na magazeti thelathini au arubaini, ya zamani yote, ya kabla ya Mapinduzi, na waliosimama ngazini walisema hayakuwa na kitu ila matangazo ya magari na majokofu, na picha za watu wanacheka ufukweni. Mzee hakubisha. Aliomba afunike saa za watu kwa kitambaa zisiingie vumbi, wakamruhusu. Wakamchukua, akakaa gerezani hadi mwaka wa pili yake. Alirudi mikono inatetemeka, na fundi saa mwenye mikono inayotetemeka si fundi tena. Shoga yangu hakurudi skuli. Tulikutana mara moja tu baada ya hapo, Malindi, yeye kabeba mtoto. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, kila mtu mmoja mmoja, nami nikamjibu mzima, mzima, wote wazima. Kisha akaaga. Sijapata kumwomba radhi, na sasa hayupo wa kuombwa.

Huko Marekani Ndovu wakashinda. Mwalimu alitwambia, tukaandika.

Lakini lililobaki kwangu ni jioni ya siku ile ya ofisini. Baba alikuwa kashasikia kuwa nimeitwa. Alirudi bandarini mapema, ananingojea barazani, na sijapata kumwona kaogopa vile, mtu mwenye mabega yale. Akaniingiza ndani, akafunga mlango, akasema nimweleze neno kwa neno. Nikamweleza. Nilipofika pale pa "Mie sijui," akanikatiza.

"Ukasema hivyo? Hivyo hivyo?"

"Naam, baba."

Akashusha pumzi kubwa, akaketi. Akaupitisha mkono wake kichwani pangu, mkono mzito, mara mbili tatu, jambo ambalo hakulifanya tangu nilipovunja ungo. "Ahsante mwanangu," akasema. "Umetuokoa. Leo umekuwa mtu mzima." Akamwita Mama aniletee chakula, wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga, sahani yangu peke yangu, na akakaa pale kunitazama nikila. Nami nilikuwa na njaa, nikala nikamaliza.